Swali kwanza, bando baadaye

Nilianza kutumia intaneti mwaka 2010, nikiwa kidato cha pili, kwenye kafe moja pale Mwanga, Kigoma mjini. Ulikuwa unalipia nusu saa, na kompyuta ikikwama dakika zako zinazidi kwenda. Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani Ujiji niliandika maswali yangu kwenye daftari, matatu au manne, zito likitangulia. Wakati ule niliona ni kubana matumizi tu. Leo ninalea mtoto wa dada yangu, aliyezaliwa akakuta simu ndani ya nyumba, ndipo nimeelewa kwamba lile daftari lilinifundisha kuliko ile kompyuta.

Kijana huyu ana akili sana. Shida ni kwamba jibu humfikia kabla swali halijamkaa kichwani.

Mwaka jana alipewa kazi ya baiolojia kuhusu dagaa. Baada ya dakika kumi alikuwa amemaliza: dagaa ni samaki wa Ziwa Victoria, jina la kisayansi Rastrineobola argentea. Mwandiko mzuri, hakuna kosa. Nikampeleka Kibirizi kwa mjomba wangu, mvuvi wa miaka mingi. Mzee akasomewa, akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Huyo wa Mwanza, mjukuu wangu. Wa hapa je?"

Walikaa mwaloni mpaka jua likazama. Babu akamweleza kwa nini dagaa huvuliwa usiku wa giza, taa zinavyowavuta, na kwa nini mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi hupumzika. Kijana aliporudi kwenye simu alikuwa na swali lake mwenyewe. Akagundua kwamba dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa spishi mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, wa ukoo mmoja na sadini wa baharini. Yule wa Victoria ni wa ukoo mwingine kabisa, wanachangia jina tu. Hilo babu hakulijua. Akafurahi mno, akamwagiza amtafutie habari za upepo wa kusi unaovuma kuanzia mwezi wa tano. Wiki iliyofuata kijana akamsomea jinsi upepo huo unavyosukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini mwa ziwa maji ya chini yakapanda na rutuba yake.

Mzazi mwenzangu, usihangaike kumnyang'anya simu. Nilijaribu, akaenda kuazima kwa rafiki yake. Mwambie aandike swali kwa mkono kabla ya kuwasha bando, na akipata jibu alipeleke kwa mtu mzima anayelijua jambo hilo kwa kazi ya mikono yake. Kigoma watu hao hawatafutwi mbali.

Na sisi wakubwa tujiangalie. Jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, alifiwa na mama yake. Nilimtumia pole kwa simu, tena ndefu, nikaona nimetimiza. Wiki kadhaa baadaye akaniambia taratibu, "Ujumbe wako niliuona, dada. Nilikuwa naangalia mlangoni kama utaingia." Siku hizi nikisikia msiba mtaani natoka kwanza, ujumbe nawaandikia walio mbali. Na kijana naenda naye.