Mkwaju wangu haukufa kwa kiu

Juzi dada mmoja wa Dar es Salaam ameniandikia. Ana mkwaju wa bonsai, yaani mti unaolelewa uwe mdogo chunguni, wa miaka sita, majani yanageuka njano na kupukutika, na kila anayemwuliza anamwambia aongeze mboji. Nilisoma ujumbe ule nikiwa jikoni, nikaiweka simu mezani nikakaa kimya. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, na yalinigharimu mti ambao sitaupata tena.

Mkwaju wangu niliuotesha kwa mbegu niliyookota Pangani, uani kwa bibi yangu. Niliulea miaka tisa. Kila magharibi ulikuwa unakunja vijani vyake viwiliviwili kama mtu anayefunga viganja, na mimi nilikuwa natoka nje makusudi kuutazama. Nilipohamia Arusha niliona umefikia kuwekwa kwenye chungu bapa, chungu cha bonsai chenyewe. Nikaenda kwenye kitalu kimoja, muuzaji akanichotea udongo mweusi wa shambani uliochanganywa na samadi. "Huu una rutuba, mama, mti utanenepa." Nikajaza, nikashindilia kwa vidole.

Masika ikaingia. Maji yakawa yanatuama juu ya udongo nusu saa nzima kabla ya kuzama. Majani yakaanza njano, nikadhani ni njaa, nikaongeza mboji. Mwezi wa sita, jioni moja, majani machache yaliyobaki hayakujikunja. Nikautoa chunguni. Harufu iliyotoka ni ya mtaro. Nilipoushika mzizi mkubwa, ganda lilivuka mkononi kama soksi, ndani ukabaki uzi mweusi.

Kwenye kundi letu la WhatsApp mzoefu mmoja akaandika, mbele ya watu wote, kwamba nimeuua kwa kumwagilia ovyo. Masika nzima sikushika kopo la maji. Nilijibu, hakuna aliyeniunga mkono. Bado inaniuma.

Kilichonifungua macho ni sponji ya kuoshea vyombo, na nakuomba ulifanye hili leo. Iloweshe mpaka ishibe, ilaze bapa kiganjani, subiri iache kudondosha. Sasa isimamishe wima. Itaanza kudondosha tena. Sponji ni ileile na maji ni yaleyale. Kilichobadilika ni kimo tu. Na chungu ni vivyo hivyo: ndani yake, sehemu ya chini, hubaki tabaka la maji lisiloshuka hata kama tundu liko wazi, na unene wa tabaka hilo unaamuliwa na ukubwa wa punje za udongo, si na kina cha chungu. Kwenye ndoo mizizi hukaa juu ya tabaka hilo ikapumua. Kwenye chungu cha bonsai chenye kina cha sentimita 5, udongo laini wa shambani ni tabaka hilo tupu kuanzia chini mpaka juu. Mizizi inakosa hewa, inaoza. Na kutandika kokoto chini hakusaidii, kunalisogeza tu lile tabaka karibu zaidi na shina.

Kwa hiyo tafuta punje, usitafute rutuba. Mimi natumia changarawe nyepesi ya volkano, ile nyekundu yenye vitundu ambayo huku kwetu humwagwa barabarani, sehemu tatu. Vipande vya tofali la kuchoma sehemu moja. Mboji iliyooza kabisa sehemu moja. Napitisha kwanza kwenye wavu wa kahawa, yanayobaki juu ni makubwa mno. Kisha napepeta kwenye wavu wa dirisha la mbu, na vumbi lote linaloanguka chini natupa. Usilionee huruma lile vumbi. Ndilo linaloziba.

Wengi wananiuliza kuhusu akadama ya Japani, eti bila hiyo bonsai si bonsai. Akadama ni udongo wa majivu ya volkano yaliyogeuka mfinyanzi wa punjepunje, huchimbwa upande wa Tochigi na Ibaraki. Kanuma, ule mwingine wanaoupenda kwa maua ya azalea, umeitwa kwa jina la mji wa huko huko Tochigi. Wajapani walichukua kilichokuwa chini ya miguu yao. Nasi tuna Mlima Meru, volkano yetu ya hapa Arusha.

Wiki iliyopita nimeuhamisha mkuyu wangu, uliokaa miaka miwili kwenye mchanganyiko huu. Mizizi ilikuwa imekishika chungu kizima, myembamba, ncha nyeupe kama utambi mpya. Nilipiga picha nikaiweka kwenye kundi lilelile. Yule mzoefu akauliza nimetumia udongo gani. Nikamwambia.

Ndugu zangu, acheni kuulizana mbolea gani kabla hamjamwaga maji mkaona yanakwenda wapi. Yasizame kwa dakika, yazame papo hapo. Ni kweli mchanganyiko huu haushiki chakula, kwa hiyo utalisha kidogo kidogo, mbolea ya maji iliyopunguzwa nusu, kila wiki mbili, na jua kali utamwagilia kila siku. Hiyo ndiyo kazi ya kulea. Anayetaka udongo umfanyie kazi hiyo apande mgomba.

Na wewe dada wa Dar: volkano huna, ongeza tofali la kuchoma lililoiva vizuri na chenga za mkaa. Mchanga wa pwani usiuguse, una chumvi. Utoe mkwaju wako leo, usingoje wikendi. Kata mizizi iliyolainika tu, iliyo mizima iache hata ikiwa mirefu. Usiurudishe kwenye chungu bapa. Utie kwenye kikapu cha plastiki chenye matundu pande zote, uuweke kivulini, na mbolea usiupe mpaka uchipue. Chomeka kijiti cha mshikaki karibu na shina, ukichomoe asubuhi. Kikitoka na unyevu, usimwagilie siku hiyo. Jioni utazame kama unakunja majani, kisha uniandikie.