Sauti ya mwalimu kukauka: chaki au kelele?

Ni kelele mwalimu, chaki inawasha koo kweli ila haikufanyi upaze sauti kutwa nzima. Kukiwa na kelele mtu anapandisha sauti bila hata kujijua, daktari mmoja Mfaransa, Étienne Lombard, alilieleza hilo tangu 1911, na Shirika la Afya Duniani (WHO) kwenye mwongozo wao wa 1999 wanasema kelele ya darasani isizidi desibeli 35 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) wakati wa kipindi, sasa we fikiria watoto 90 chini ya bati lisilo na dari alafu mvua inyeshe. Nyuzi za sauti zinagongana zaidi ya mara mia kwa sekunde ukiongea, ukilazimisha kila siku zinavimba, mwisho zinaota vinundu.

Mi nafundisha la tatu, zamani ikifika Alhamisi sauti imebaki ya kukwaruza tu, siku hizi napiga makofi matatu wanajibu mawili, wakinyamaza ndo naanza, tena naongea nimesimama katikati ya madawati, sio nimegeukia ubao naandika huku napiga kelele. Imenisaidia sana aisee.

Ila kama imekwaruza zaidi ya wiki nne usikomae na tangawizi, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo azicheki hizo nyuzi. Na kunong'ona kwa kulazimisha sio kupumzisha sauti, inaweza hata kukuzidishia, bora unyamaze kabisa.