Mac, Windows na Linux ndani ya nyumba moja: teua kompyuta moja iwe ghala

Hapa kwetu Mamboleo, Kisumu, mimi huhariri video za harusi kwenye Mac, mke wangu ni mwalimu na laptopu yake ni ya Windows, na pale sebuleni kuna kompyuta kongwe ya mezani, zile za mitumba kutoka Uingereza. Hiyo haikukubali Windows 11, kwa hivyo Microsoft walipofunga msaada wa Windows 10 Oktoba 2025, niliipangusa nikaweka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Sasa ndiyo inayotunza faili za nyumba nzima.

Huo ndio ushauri wangu wa kwanza: usihangaike kuifanya kila kompyuta iifungulie kila nyingine. Teua moja, ile isiyotoka nyumbani, na zote nyingine zichote na kuweka huko. Laptopu ya mwalimu ikibebwa asubuhi kwenda shule, faili zilizomo huondoka nayo. Na flashi? Nyingi bado huja na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayozidi GB 4. Harusi moja ya Siaya hujaza hapo kabla hata ya keki kukatwa.

Programu ni za bure. Kompyuta hizi zote zinaelewa itifaki ya SMB, yaani lugha ya kugawana faili kwenye mtandao wa nyumbani: Windows tangu zamani, Apple waliifanya njia yao kuu mwaka 2013, na upande wa Linux kuna Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell kule Australia. Kwenye Mint au ndugu yake Ubuntu unaandika kwenye terminal `sudo apt install samba`, kisha unafungua `/etc/samba/smb.conf` na kuongeza mistari hii mwishoni:

[nyumbani]
path = /srv/nyumbani
valid users = @familia
read only = no
force group = familia
create mask = 0660
directory mask = 2770

Usiipuuze ile mistari miwili ya "mask". Samba ikiachwa na kawaida yake, faili ambayo mke wangu ameihifadhi mimi nitaisoma tu, sitaweza kuibadilisha, na watu hudhani mtandao ndio mbovu. Kumbuka kuna kufuli mbili hapa. Samba inaweza kukuruhusu lakini Linux yenyewe ikukatalie folda, kwa hivyo baada ya kuunda folda na kundi la familia, piga pia `sudo chgrp familia /srv/nyumbani` na `sudo chmod 2770 /srv/nyumbani`. Kisha `testparm` itakuambia kama kuna herufi uliyokosea kwenye faili ya mipangilio, halafu uiwashe Samba upya.

Sasa twende mahali ambapo watu wengi hukwama. Ninapoitwa na jamaa huko Migosi au Kondele kuangalia "Wi-Fi inayokataa kushea", mara nyingi Wi-Fi haina neno. Kinachokataa ni jina na nywila. Kila mtu anahitaji akaunti kwenye ile mashine ya Linux, aingizwe kwenye kundi la familia, kisha apewe nywila ya Samba kwa `sudo smbpasswd -a` ikifuatwa na jina lake. Windows ikiuliza, andika jina hilo na nywila hiyo. Ile PIN ya tarakimu nne unayofungulia laptopu haihusiki hapa hata kidogo, na ndiyo watu huiandika mara kumi huku wakilaani rauta. Windows pia haikubali majina mawili tofauti kwenye seva moja kwa wakati mmoja. Ikileta ukaidi huo, `net use * /delete` kwenye Command Prompt ya Windows husafisha ukaanza upya.

Video za zamani za YouTube zitakuambia uruhusu wageni bila nywila. Windows 11 Pro za karibuni zinakataa kuingia hivyo, na mimi naona zinafanya vizuri. Ukishauriwa urudishe SMB1, lile toleo la kwanza la SMB, kataa kabisa. Udhaifu wa SMB1 ndio programu hasidi ya WannaCry ilipitia Mei 2017, hadi hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu.

Kuunganisha kwenyewe ni kazi ndogo. Usingoje ikoni zijitokeze zenyewe, andika anwani. Kwenye Windows: `\\192.168.1.50\nyumbani`. Kwenye Mac, ukiwa ndani ya Finder, bonyeza Command na K, uandike `smb://192.168.1.50/nyumbani`. Namba yako itakuwa nyingine. Ingia kwenye rauta uiambie iihifadhie ile mashine anwani moja isiyobadilika.

Wapangaji wa ploti wanaotumia Wi-Fi ya landilodi wana mambo mawili ya kuangalia. Kuna rauta zilizofungwa ili vifaa visionane, na hapo utahangaika bure. Kuna nyingine zilizo wazi, na jirani wa mlango wa pili anaiona folda yako. Nunua rauta yako ndogo, waya wa landilodi uingie kwenye tundu lake la WAN, lile la kupokea intaneti, na vifaa vyako vyote viishi nyuma yake. Bando haliliwi faili zikizunguka humo ndani, na kazi inaendelea hata intaneti ikikatika. Stima ndiyo isipotee: jioni za radi mimi sianzi kunakili video.

Kwa faili kubwa tumia waya. Tundu la rauta za bei nafuu ni la Mbps 100, yaani takriban MB 11 kwa sekunde. Harusi ya GB 20 huchukua kama nusu saa. Ukipata rauta ya gigabiti, na kompyuta zote mbili zikiwa na tundu la kasi hiyo, ni dakika tatu hivi.

Majina ya faili pia. Mac inakuruhusu kutumia alama ya kuuliza, Windows hairuhusu, na faili kama hiyo inaweza kutokea huko ikiwa na jina la ajabu. Sisi tunatumia herufi, namba na vistari tu.

Shemeji akija wikendi akitaka picha zake kwenye simu, simfungulii akaunti. Tunaweka LocalSend, programu ya kutumiana faili, pande zote mbili, inafanya kazi kwenye Android, iPhone na kompyuta zote hizi, namtumia picha zake na yaishe.