Picha za fanicha ni nzito, saiti inagoma: nizipunguzeje zote kwa mpigo?

SWALI: Mkuu salama? Nina kiofisi cha fanicha Keko na tuna saiti yetu ndogo ya kuonyesha makochi na vitanda. Picha tunapiga kwa simu, kila moja MB 4 mpaka 5, saiti inafunguka taratiiibu na wateja wanalalamika inawamalizia bando. Nilijaribu zile saiti za kupunguza picha bure, kitambaa cha kochi kikatoka kimevurugika na picha zingine zikalala ubavu. Laptop yangu ni ya Ubuntu. Kuna skripti ya kupunguza zote mara moja? Halafu nikichagua picha 40 nipandishe zinaingia 20 tu, hapo tatizo nini?

JIBU: Salama mkuu. Ipo, na ni mistari michache tu, ila kwanza tuelewane hicho kitambaa kilivurugwa na nini.

Simu nyingi zinapiga picha ya pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) 4000 kwa 3000, yaani pikseli milioni 12, na mteja wako anaiangalia kwenye kioo cha simu chenye upana wa pikseli 1080 hivi, kwa hiyo sehemu kubwa ya hiyo picha anailipia bando halafu haioni. Ile saiti uliyotumia naona iliziacha pikseli zote vilevile ikaenda kukandamiza ubora mpaka basi. Sasa JPEG, yaani aina ya faili la hizo picha zako, inaikata picha kwenye viboksi vya pikseli 8 kwa 8, ukiikandamiza sana hivyo viboksi vinaanza kujitokeza, na vinaumbua zaidi vitu vyenye nyuzinyuzi kama kitambaa cha kochi. Anza na pikseli, ubora gusa kidogo tu. Ukishuka mpaka 1600 kwa 1200 umebaki na pikseli chini ya milioni 2, hapo tayari umetua mzigo zaidi ya mara 6 na kochi bado linaonekana kochi.

Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uweke ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa amri:

sudo apt install imagemagick

Halafu kwenye folda ya picha tengeneza faili liite punguza.sh, ndani weka hivi:

#!/bin/bash
shopt -s nullglob nocaseglob
mkdir -p ndogo
for f in *.jpg *.jpeg; do
  convert "$f" -auto-orient -resize '1600x1600>' +profile '!icc,*' -quality 80 "ndogo/$f"
  echo "tayari: $f"
done

Kuliendesha andika bash punguza.sh ukiwa ndani ya folda hiyohiyo. Picha mpya zinakaa kwenye folda ya ndogo, zile za mwanzo haziguswi. Kama ImageMagick yako ni toleo la 7, pale kwenye convert andika magick.

Hiyo -auto-orient ndo dawa ya picha kulala ubavu. Ukipiga picha simu ikiwa wima, simu mara nyingi haiigeuzi picha, inaandika tu maelezo ndani ya faili kwamba "mkinionyesha nigeuzeni", sasa programu ikiyafuta hayo maelezo bila kuigeuza kwanza, picha inalala. Sisi tunaigeuza ndo tunafuta, kwa hiyo usibadilishe mpangilio. Na kufuta ni muhimu kwa sababu humohumo simu inaweza kuwa imeandika mpaka mahali picha ilipopigwa, na kama ulipiga kitanda kwa mteja nyumbani kwake, si unaelewa.

Utaona watu wengi mtandaoni wanatumia -strip hapo, mimi kwa fanicha siipendi, inafuta mpaka maelezo ya rangi, na kwa picha za iPhone unaweza kukuta ule wekundu wa mninga umepauka, mteja akija dukani anakwambia mbona hii siyo ile. Hiyo '!icc,*' inafuta vingine vyote inaacha rangi.

Alama ya > maana yake punguza kama ni kubwa, kama ni ndogo iache, na lazima ikae ndani ya hizo nukuu. Ukisahau nukuu, terminali inadhani unataka kuandika kwenye faili, utakuta kuna faili geni limezaliwa hapo linaitwa +profile, ushangae weee. Nukuu za "$f" nazo usizitoe, maana picha ukizishusha kutoka WhatsApp ya kompyuta zinakuja na majina marefu yenye nafasi katikati, bila nukuu skripti inalikata jina vipande inasema faili halipo. Ila na hizo za WhatsApp zenyewe, zikitumwa kama picha za kawaida zimeshapunguzwa huko njiani, usizikandamize tena, waambie vijana wako wazitume kama dokumenti.

Kuna amri nyingine fupi inaitwa mogrify, utaikuta kila mahali. Ni nzuri lakini bila -path, yaani bila kuitajia folda nyingine, inaandika juu ya picha yenyewe. Mimi mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilipewa picha za harusi niziweke mtandaoni, nikapiga mogrify nikashuka zote mpaka pikseli 800, mwezi baadaye wenyewe wanataka kuchapisha moja ya kutundika sebuleni na kopi pekee iliyokuwepo ndo hiyo yangu. Nilikosa pa kuficha uso. Tangu hapo kila skripti yangu inatoa picha kwenye folda ya pembeni.

Ukimaliza andika du -sh ndogo . uone tofauti. Kwangu picha za namna hiyo huwa zinaangukia KB 200 mpaka 400. Logo yako kama ni PNG iache hivyohivyo. Na usidanganyike kuandika width="400" kwenye ukurasa, picha inaonekana ndogo lakini simu ya mteja imeshashusha MB 4 zote.

Sasa hizo 40 zinazoingia 20. Nahisi saiti yako inatumia PHP, lugha inayoendesha saiti nyingi, na PHP ikiachwa kama ilivyokuja inapokea faili 20 tu kwa mpigo, mpangilio wake unaitwa max_file_uploads, na faili moja mwisho MB 2, huo unaitwa upload_max_filesize. Huo wa pili kwako inaelekea ulishapandishwa, maana picha za MB 4 zinaingia, na ukishapunguza picha hautakusumbua kabisa. Huo wa kwanza mwambie anayekuhostia aupandishe, akizungusha basi pandisha 20, ukimaliza pandisha 20 zingine.