Machicha yenye ukungu hayaokolewi na jua

SWALI: Shikamoo daktari. Nafuga ng'ombe wawili wa maziwa hapa Pongwe, Tanga. Nanunua machicha ya bia yanayoletwa na lori kutoka Dar. Mama mkwe anasema pombe itaingia kwenye maziwa ya wajukuu. Tena magunia ya chini hushika ukungu, nayaanika juani kisha nachanganya na pumba. Je, ni salama?

JIBU: Marahaba. Mtoe mama hofu. Kiwandani machicha huchujwa kabla hamira haijatiwa, kwa hiyo hayana pombe. Ya pombe za kienyeji ndiyo huchujwa baada ya kuchacha. Hayo ng'ombe akiyabugia huvimba tumbo na kupepesuka.

Lakini hilo la kuanika limenikasirisha, na si kwako tu. Kila ninakopita nakuta mtu na jua lake, mwingine na majivu, mwingine kakwangua ukungu wa juu akaridhika. Kuvu itakufa, sumu iliyoiacha haiendi popote. Sumukuvu haiondolewi na jua wala chumvi. Ng'ombe akiila leo, kesho imo kwenye maziwa, na ukiyachemsha bado imo. Hao wajukuu ndio wanywaji wakubwa, na kinachoumia ni ini.

Zaidi ya robo tatu ya machicha mabichi ni maji. Kwa joto letu, siku mbili tatu tu yameshaharibika. Yakishuka kwenye lori, tumbukiza mkono katikati ya gunia: yawe na harufu ya nafaka iliyopikwa. Yakinata na kunuka uvundo, usilipe. Mazuri yashindilie kwenye pipa siku hiyohiyo mpaka hewa iishe, funika kwa nailoni na mawe juu. Mpe kilo 10 hivi kwa siku, majani kwanza, pamoja na chokaa ya mifugo kwa sababu machicha yana kalisi kidogo. Yenye ukungu fukia. Usiwatupie kuku wala bata, wao hudhurika haraka zaidi.

Na hawa wanaozunguka magulioni na unga wa "kusafisha machicha", waacheni! Upo udongo maalumu wa kunasa sumukuvu tumboni mwa mnyama, lakini hupunguza tu, haugeuzi chakula kibovu kuwa kizima. Mjue pia kwamba kituo cha maziwa hupima kwa laktomita kama maziwa yametiwa maji, na kifaa hicho hakioni sumu hii. Dumu lako moja humiminwa kwenye tangi la wafugaji wote.