Barabara namba 2 ya California kutoka Los Angeles hadi Wrightwood: gari dogo litaiweza?

Dada, gari lako dogo litaiweza bila shida, lami ni nzuri. Cha kukusumbua ni mafuta. Jaza tangi La Cañada Flintridge; ukishaanza kupanda milima ya San Gabriel hukuti kituo hadi Wrightwood, kilomita 100 hivi za kona tupu, na simu hukosa mtandao sehemu kubwa ya njia.

Kipande cha mjini, Santa Monica Boulevard, kiruke. Ni taa na foleni.

Kwa kuwa mtoto hutapika garini, asile sana kabla ya safari, na simama Red Box, njia panda ya huko milimani, mpumue. Ukipinda kulia hapo unafika Mount Wilson, kwenye darubini aliyoitumia mwanaanga Edwin Hubble. Mimi nisingeipita. Wikendi pikipiki hukimbia mno. Ingia pembeni zikupite. Kwenye mteremko shuka na gia ndogo, usikanyage breki muda wote.

Kabla ya kutoka angalia tovuti ya Caltrans, idara ya barabara ya California. Majira ya baridi huko juu, karibu na Dawson Saddle (mita 2,400), barabara hufungwa kwa theluji na mawe. Ikifungwa, pitia barabara ya 15 kisha 138.