Nembo ya Kilimo Hai: Kabla ya Kulipa Ziada, Uliza Nani Alikagua

Swali ninaloulizwa mara nyingi na ndugu na majirani, hasa wenye watoto wadogo au wanaouguza mtu nyumbani, ni kama zile mboga zenye kibandiko cha kilimo hai, yaani zinazodaiwa kulimwa bila viuatilifu wala mbolea za kemikali za viwandani, ambazo hapa Dar es Salaam huuzwa kwa bei mara mbili au tatu ya bei ya genge, ni za kweli au ni biashara tu ya watu wajanja. Jibu langu ni kwamba zipo za kweli na zipo za uongo, na kibandiko peke yake hakiwezi kukutenganishia hizi na zile. Linalozitenganisha ni jambo moja: kama kuna mtu aliyekwenda shambani kukagua, na kama muuzaji anaweza kukutajia mtu huyo ni nani.

Katika duka moja kubwa la vyakula niliwahi kuchukua fungu la spinachi lililofungashwa vizuri, lenye picha ya jani la kijani na maneno yaliyosema kwamba ni zao asilia lisilo na kemikali. Niligeuza kifungashio pande zote. Hapakuwa na jina la shamba wala la kikundi cha wakulima, hapakuwa na namba ya cheti wala nembo ya mkaguzi yeyote. Palikuwa na tarehe ya kufungashwa na bei, basi. Nilipomuuliza kijana aliyekuwa akipanga rafu, akanijibu kwa upole, "Dada, hizi zinatoka shambani moja kwa moja, hazina dawa." Shamba lenyewe liko wapi? "Nadhani huko Bagamoyo." Sina la kumlaumu kijana huyo, kwa kuwa alinieleza alichoelezwa, lakini mboga zote duniani zinatoka shambani moja kwa moja, na neno "asilia" mtu yeyote mwenye mashine ya kuchapisha vibandiko anaweza kuliandika. Nilizirudisha rafuni.

Afrika Mashariki si kwamba hatuna utaratibu. Tangu mwaka 2007 ipo sanifu, yaani kanuni za pamoja, ya mazao ya kilimo hai ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, pamoja na nembo yake iitwayo Kilimohai, ambayo hutolewa kupitia vyama vya kilimo hai vya nchi husika: kwa Tanzania ni TOAM, na kwa Kenya ni KOAN. Mkulima anayetaka kuitumia ana njia mbili. Ya kwanza ni kukaguliwa na kampuni ya uthibitishaji, njia ambayo gharama yake ni kubwa na ndiyo maana hutumiwa zaidi na wanaouza nje, kama vile vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa na wafanyabiashara wa viungo. Ya pili ni ukaguzi shirikishi, ambapo wakulima wa eneo moja huunda kikundi, hukubaliana kufuata sanifu, na hukaguana wao kwa wao chini ya usimamizi wa chama cha kitaifa. Mboga nyingi za kilimo hai zinazouzwa humu nchini, zile ambazo ni za kweli, hupitia njia hii ya pili.

Watu wa mjini wakisikia wakulima wanakaguana wenyewe huguna, wakiamini kwamba hapo pana kulindana. Nami nilikuwa na shaka hiyo hiyo, ndipo nikaomba kuongozana na kikundi kimoja cha milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, siku yao ya ukaguzi. Mzee aliyekuwa anakaguliwa analima karoti, kabichi na nyanya kwenye ngazi za mteremko, shamba lisilozidi ekari moja. Wakaguzi, ambao ni wakulima wenzake kutoka kitongoji kingine, hawakuanza na mboga. Walianza na banda. Walifungua kila ndoo, wakanusa, wakauliza kila kopo tupu lilikuwa la nini. Kisha wakataka daftari lake, ambamo mzee huandika tarehe ya kupanda, mbegu alizozinunua na wapi, mboji aliyoweka na kiasi alichovuna. Halafu wakaenda mpakani. Jirani wa upande wa juu hayumo katika kikundi na hupulizia dawa za dukani, kwa hiyo mzee amepanda safu nene ya mabingobingo na, chini yake, ameacha ukanda ambao mazao yake hayauzwi kama ya kilimo hai. Mmoja wa wakaguzi, mama wa makamo, aliona kwamba mabingobingo yamekatwa kulisha ng'ombe hadi upande mmoja umebaki wazi. Mzee alijitetea kwamba yataota tena ndani ya wiki chache. Yule mama akamjibu, "Baba, upepo hausubiri majani yaote," akaandika kwenye fomu kwamba tuta la kwanza baada ya ukanda nalo lisiuzwe kwa nembo msimu huo.

Baadaye nilimuuliza mzee kama hakuona ameonewa. Aliniambia, "Mwanangu, mmoja wetu akikamatwa na dawa, mnunuzi hamwachi yeye peke yake, anatuacha sote." Hiyo ndiyo nguvu ya utaratibu ule, na kwa maoni yangu ina uzito kuliko ziara ya mkaguzi mgeni anayefika mara moja kwa mwaka, akatembezwa na mwenyeji, akasaini makaratasi na kuondoka. Jirani anajua nani alikopa bomba la kupulizia wiki iliyopita, mgeni hajui.

Hata hivyo, cheti cha kampuni kubwa nacho si dhamana kamili. Nchini Marekani, ambako sheria za kilimo hai ni kali na nembo ya serikali ipo tangu mwaka 2002, mfanyabiashara mmoja wa nafaka wa jimbo la Missouri alihukumiwa mwaka 2019 kifungo cha zaidi ya miaka 10 kwa kuuza, kwa miaka kadhaa, mahindi na soya za kawaida kama za kilimo hai, katika biashara iliyozidi dola milioni 140. Mashamba yaliyothibitishwa alikuwa nayo kweli. Tatizo ni kwamba alichanganya mavuno yake na nafaka za kawaida, akauza kiasi kikubwa kuliko ambacho mashamba hayo yangeweza kutoa. Kisa hicho kina funzo linalofaa kabisa hapa kwetu, nalo ni kuangalia kiasi na msimu. Mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, bakajani, ugonjwa wa ukungu, huiteketeza nyanya hata kwa wanaopulizia dawa ya ukungu kila baada ya siku chache, na bei sokoni hupanda kwa sababu hiyo. Ongeza hapo kanitangaze, yule mdudu aliyeingia nchini yapata mwaka 2014 na ambaye viwavi wake hutoboa jani na tunda. Muuzaji ambaye ana matenga ya nyanya za kilimo hai wiki zote za masika, zote za ukubwa mmoja, anapaswa kukueleza zinakolimwa. Inawezekana mkulima wake ana banda kitalu lenye neti. Kama ni hivyo, hatakosa kulijua na atafurahi kukusimulia. Akibabaika, una jibu lako. Muuzaji wa kweli, kwa uzoefu wangu, kuna wiki atakuambia hana.

Nina mashaka pia na muuzaji anayeapa kwamba mazao yake hayajaguswa na dawa ya aina yoyote. Kilimo hai hakikatazi kila kinachopuliziwa. Kinakataza viuatilifu na mbolea zinazotengenezwa viwandani kwa kemikali, pamoja na mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Mkulima anaruhusiwa kutumia salfa, aina fulani za dawa za shaba kwa kiasi chenye mipaka, mwarobaini, na pareto, ua ambalo Kenya na Tanzania zimelilima na kuliuza nje kwa miongo mingi. Mkulima anayefuata utaratibu atakutajia alichopulizia na kwa nini. Asiyejua hata kwamba vitu hivyo vipo, huenda hajawahi kuona ukurasa wa sanifu anayodai kuifuata.

Kuna imani nyingine iliyoenea mno, kwamba mchicha wenye matundu ndio salama kwa kuwa "hata mdudu kaula". Jirani yangu mmoja huchambua mafungu gengeni akitafuta yaliyotoboka, na muuzaji, ambaye si mjinga, sasa humwekea ya jana. Tundu linaonyesha kwamba mdudu alipita. Halionyeshi kama mkulima, baada ya kumwona, hakupulizia asubuhi iliyofuata. Vivyo hivyo kiini cha yai chenye rangi ya chungwa si ushahidi wa kuku wa kienyeji, maana rangi hiyo hutokana na chakula, na kuku wa bandani akipewa mahindi ya njano, majani au chakula kilichotiwa rangi atatoa kiini kama hicho. Ukitaka kukagua kwa macho, angalia kitu chenye maana zaidi, kama vumbi jeupe au la kijivu lililoganda kwenye kikonyo cha nyanya. Mara nyingi hayo ni mabaki ya dawa ya ukungu, na nyanya yenye vumbi hilo ikiuzwa kama ya kilimo hai, usibishane na mtu, endelea na safari.

Hapa inafaa nitenganishe mambo mawili ambayo wanunuzi wengi huyachanganya. Nembo inashuhudia namna zao lilivyolimwa. Haishuhudii kwamba ni bichi, ni safi, au halina sumu nyingine. Mwaka 2011 nchini Ujerumani, bakteria wa aina ya E. koli waliwaua watu zaidi ya 50 na kuwafanya maelfu waugue, na uchunguzi ulielekeza kwenye machipukizi ya mbegu za uwatu yaliyooteshwa katika shamba la kilimo hai. Hapa jirani, mwaka 2004, sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui. Sumukuvu hutokana na ukungu unaoshika nafaka shambani na kwenye maghala yenye unyevu, na ukungu huo hauulizi kama shamba liliwekwa urea au samadi. Karanga za kilimo hai zilizokaushwa chini kwenye udongo na kuhifadhiwa kwenye magunia yenye unyevunyevu ni hatari kuliko karanga za kawaida zilizokaushwa juu ya turubai na kuchambuliwa. Kwa hiyo ninaponunua unga wa lishe kwa ajili ya mtoto, swali langu la kwanza kwa msagishaji ni namna anavyokausha na kuchambua karanga zake. La kilimo hai huja baadaye.

Kuhusu lishe, nitapita haraka. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2012 haukuona ushahidi wa nguvu kwamba chakula cha kilimo hai kina virutubisho zaidi, ingawa uliona kina uwezekano mdogo wa kuwa na mabaki ya viuatilifu. Mwingine wa mwaka 2014, uliochapishwa Uingereza, ulikuta kina viwango vya juu vya baadhi ya viondoasumu (antioxidants) na kiwango cha chini cha kadimiamu, madini mazito yenye sumu. Ukinunua kwa ajili ya kupunguza mabaki ya dawa, una sababu nzuri. Ukinunua ukidhani matembele ya kilimo hai yatamtibu mtu kisukari, hilo nembo haijaahidi.

Wengi wetu, kwa kweli, tutaendelea kununua gengeni na katika masoko kama Mabibo au Ilala, na huko nako maswali mawili ya adabu husaidia. La kwanza ni mboga imetoka wapi, kwa sababu mboga za majani zinazomwagiliwa kwa maji machafu ya mabondeni mjini, bonde la Msimbazi likiwa mfano unaojulikana, zina tatizo ambalo kuosha hakuliondoi: madini mazito huingia ndani ya jani lenyewe. La pili, ukikutana na mkulima anayeuza mwenyewe, muulize alipulizia lini kwa mara ya mwisho. Kila kiuatilifu kina idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna, iliyoandikwa kwenye kibandiko cha chupa, na mkulima anayeijua ataitaja bila kufikiri. Nyumbani, osha kwa maji yanayotiririka huku ukisugua. Hilo hupunguza kilichobaki juu ya ganda, ingawa haligusi dawa iliyofyonzwa na mmea. Na kachumbari ya mboga zilizokuzwa kwa samadi inahitaji kuoshwa kwa uangalifu ule ule, iwe na nembo au isiwe nayo.

Kwa bajeti yangu, ziada ninailipia nyanya, pilipili hoho, kabichi na mboga za majani, kwa sababu hizo hupuliziwa mara nyingi na huliwa na maganda yake, na ninailipa kwa muuzaji mmoja ambaye kikundi chake nimeshakiona na ambaye huandika jina la kikundi kwenye kila kapu. Silipi ziada kwa nazi, mananasi, maparachichi wala ndizi, kwani ganda huondolewa na tofauti ya bei sioni inanunua nini. Asali sinunui kwa nembo hata kidogo. Nanunua kwa mrinaji wa Tabora ambaye nina namba yake ya simu, na ambaye mwaka wa ukame aliniandikia kwamba mizinga ni mitupu nisubiri msimu ujao.